Hewa ya Kupima

Ukishuka kwenye Noah pale Kyela mjini ukamwambia bodaboda unatafuta "watu wa kuzamia", jiandae kujieleza. Wangu alinitazama kuanzia viatu hadi begi, akasogea, akauliza kwa sauti ya chini: "Malawi tu, au unaunganisha Sauzi?"

Simlaumu. Mpaka wa Kasumulu hauko mbali, na mtu mwenye begi kubwa na haraka nyingi huwa na safari ya aina moja. Nikamwambia nataka kuzamia ziwani, chini ya maji, nikaangalie samaki. Akafikiri. "Samaki si wanauzwa, braza?"

Nilikuwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na yeye ndiye chanzo cha yote. Tangu nipate kadi yangu ya uzamiaji Unguja, ile ya mwanzo inayokuruhusu mita 18, kila kikao cha familia pale Uyole, Mbeya, nilikuwa nashuka mita kadhaa zaidi. Siku moja shemeji akaona kwenye statasi ya mtu tangazo la kuzamia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, boti ndani yake, elfu sitini. Akanitumia mbele ya ukoo mzima. Ningesema nini?

Maswali ya kumuuliza mwenye duka la kuzamia nayajua kama ninavyojua bei ya viazi. Kwanza kabisa, duka la maana halisubiri uulize. Linakuuliza lenyewe: kadi iko wapi, daftari lako lina mbizi ngapi, ya mwisho lini, una pumu, masikio yakoje, unatumia dawa gani. Wanakuchosha, lakini hapo ndipo wanapoamua wakushushe kina gani na wakuweke na nani. Kijana wetu wa Matema, mchangamfu, jezi ya Simba, alikuwa na maswali mawili tu. Namba ya kiatu, na kama nitatuma na ya kutolea.

Hapo ndipo ningegeuza. Lakini shemeji alishaanza kurekodi.

Nikauliza kuhusu chumba cha mgandamizo. Ni mtungi mkubwa anaolazwa mzamiaji ambaye naitrojeni ya hewa aliyovuta imegeuka mapovu mwilini. Huku nyanda za juu hakuna, kwa hiyo mwendesha shughuli makini lazima awe na jibu: oksijeni ya dharura ninayo hii hapa, simu ya kupiga hii hapa, mgonjwa atasafirishwa hivi. Kijana akajibu bila kusita. "Vyumba vipo, bosi. Vya elfu ishirini na vya thelathini. Cha thelathini kina feni."

Nikauliza ratiba. Akasema kifurushi ni mbizi mbili asubuhi, wali samaki mchana, jioni mko Mbeya. Hebu simama hapo nikueleze, maana hili la sisi watu wa milimani huwa halimo kwenye hotuba za watu wa pwani. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya bahari, na kuanzia mita 300 tayari kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa kama saa ikikuhesabia kina na muda, inatakiwa iwekwe kwenye hali ya mwinuko au utumie jedwali la mwinuko. Hiyo ni kabla hujapanda gari. Barabara ya kurudi inapita Tukuyu, inapanda hadi Isyonje, zaidi ya mita 2,000, ndipo inateremkia Uyole. Kwa mwili uliotoka mbizini hiyo ni sawa na kupanda ndege. Mbizi moja ya kawaida unasubiri angalau saa 12. Ukipiga zaidi ya moja, saa 18. Anayekuuzia mbizi mbili na Noah ya jioni siku hiyo hiyo anakuuzia mapovu. Nikasema tutalala. Kijana akafurahi mno kuhusu chumba chenye feni.

Msimu niliupatia, nijisifu kidogo. Ilikuwa Oktoba. Kati ya Mei na Agosti upepo wa mwera hutoka kusini na kulisukuma ziwa lote, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, lije limalizikie Matema. Na ukingoja masika, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga tope mpaka huoni mkono wako. Siku ile maji yalikuwa kioo.

Boti ilikuwa ya mbao, injini ya farasi 15. Maboya mawili, moja limekaliwa na nahodha kwa kuwa mbao inaumiza. Nikauliza, tukishuka wote, nani anabaki juu?

"Nanga."

Mtu anayebaki botini anatakiwa awe anajua kuwasha injini na kufuata mapovu yenu, maana mkondo ukiwapeleka mtaibukia mbali na mliposhukia. Hilo tukajadiliana, akakubali nahodha abaki. Nikajiona mkali.

Sasa mtungi. Shingoni mwa mtungi wa kuzamia kuna maandishi yaliyogongwa kwenye chuma: ujazo, shinikizo, na tarehe ya kupimwa kwa shinikizo la maji, jambo linalofanywa kila miaka 5, mbali na kukaguliwa ndani kila mwaka. Wa kijana ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, mpya, nzito, hadi juu ya maandishi. Nilipitisha kidole. Nilihisi herufi. Sikuzisoma. Shemeji alikuwa anasema kwenye simu, "Hapa kaka anakagua mitambo."

Kosa kubwa ni kwamba nilikuta vifaa vimeshafungwa, kama bwana harusi anayevalishwa viatu. Mzamiaji hujifungia mwenyewe, na kuna sababu. Kabla hujafungua valvu unatazama kipimo cha shinikizo la hewa: sindano lazima ilale kwenye sifuri. Kisha unafungua taratibu, kioo cha kipimo umekigeuzia kando, maana kikipasuka kinapasukia usoni. Mtungi uliojaa unasoma karibu bar 200. Unavuta pumzi tatu nne huku unaitazama sindano. Ikicheza kila unapovuta, valvu haijafunguka sawasawa au hewa ni kidogo. Unanusa pia, kwa sababu hewa njema haina harufu wala ladha.

Mimi nilikuta valvu iko wazi. Nikavuta pumzi nne. Hewa haina harufu. Sindano imetulia kwenye 150, haitikisiki kabisa. Nikafurahi. Ningeitazama kabla ya valvu kufunguliwa ningeikuta 150 hiyo hiyo. Hata kabatini ilikuwa 150. Iliingia maji ikakwama hapo, sijui tangu serikali ya nani.

Ikabaki uzito, ule unaofungwa kiunoni ili uzame. Unguja, baharini, nazama na kilo 6 za madini ya risasi. Maji baridi hayana chumvi ya kukuinua, hivyo mtu wa kimo changu anapunguza kama kilo 2 na nusu. Nikaomba 4. Kijana akaja na mawe manne ya mizani, yale ya chuma ya kilo mbili mbili, ameyapitisha kamba ya katani kwenye pete. "Wageni wote wanabeba nane," akasema. Akanifunga kiunoni mafundo matatu. Nikamwambia mkanda wa uzito unatakiwa uwe na kishikizo kinachofunguka kwa mkono mmoja, ili ukizidiwa uuachie. Akasema hapana, haya yasiachiwe, ni ya mama yake, anauzia mchele sokoni.

Nikayaangalia. Yalikuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Nadhani ndicho kitu pekee katika biashara ile kilichokuwa kimekaguliwa.

Mpango ulikuwa boti itupeleke upande wa Ikombe, ambako milima ya Livingstone inaingia ziwani bila kupunguza mwendo na mawe yamejaa mbuna, wale samaki wadogo wa mawe, wa rangi zote. Namshukuru Mungu niling'ang'ania jambo moja: tupime uzito kwanza hapa hapa, kwenye mchanga, maji ya mita 3. Kipimo chenyewe ni rahisi. Jaketi la kuzamia, lile linalojazwa hewa ili uelee, halina hewa, umeshika pumzi ya kawaida. Ukiwa sawa, maji yanakufika machoni, hapo hapo unasimama. Ukitoa pumzi ndipo unazama taratibu.

Nilitoa hewa kwenye jaketi. Sikusimama machoni wala popote. Nilishuka kama jiwe la mizani, na kwa kweli ndivyo nilivyokuwa.

Chini nikatulia, nikabonyeza kitufe cha kujaza jaketi. Likasema *fsss*, likanyamaza. Hewa ya jaketi inatoka mtungi ule ule unaovuta, kwa hiyo kilichoishia kule kilikuwa kinaishia na kwangu. Pumzi iliyofuata ilikuja kwa shida, kama kunyonya ubuyu uliogoma. Nikatazama kipimo. 150. Nikavuta tena. Hakuna. Kipimo: 150, hongera.

Nikapapasa fundo. Mafundo ya mtoto anayelinda mali ya mama yake hayafunguki.

Basi nikageukia ufukweni nikaanza kutembea. Mapezi yakiwa miguuni unatembea kinyumenyume, na ndivyo nilivyofanya, nikipuliza vipovu vidogo njia nzima, kwa sababu kushika pumzi huku unapanda kunaweza kupasua mapafu hata kwenye kina cha mita moja na nusu. Zilikuwa hatua kama kumi na tano. Niliusikia ulimwengu kabla ya kuuona, na sauti ya kwanza ilikuwa ya shemeji: "Anatoka! Jamani anatoka kwa miguu! Kinyumenyume!"

Kijana alikuja mbio kunishika. Nikiwa bado nakohoa akanieleza kwa upole kabisa. Matema hakuna mashine ya kujazia. Mtungi unajazwa Dar, unakuja na basi. Mgeni wa Jumamosi alitumia nusu saa, Jumatatu mwalimu mmoja akajaribu kidogo. "Wewe tumekupa iliyobaki, bosi. Ndiyo maana nikakufanyia elfu sitini."

Yaani hewa ya kupima, kama mafuta ya kula kwa Mangi.

Nilipogeuka vizuri nikakuta mama mtu mzima amesimama na kitenge, ndoo tupu mkononi, ananitazama kiunoni. Nikavua miwani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na maji." Akainama, akashika kamba, akahesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne. "Haya, fungua basi. Kuna mteja wa kilo kumi ananisubiri."