Bima ya lazima kwa mkulima wa viazi: ndiyo, ila dawa ziwepo

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na bunge 2023, inataka kila mtu awe na bima, na huku Mbeya ukiitaja tu kijiweni watu wanagawanyika hapohapo.

Wanaoipinga si wajinga jamani. Chukua CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, iliyokuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, hela ambayo mkulima wa viazi kule Umalila akipata bei nzuri haimshindi. Anakata. Baada ya miezi kadhaa mama presha inapanda, wanapanda boda hadi zahanati, kadi inasoma vizuri tu, anaandikiwa, akifika dirishani anaambiwa dawa hamna kanunue nje. Huko nje ni duka la dawa hapo karibu na geti, dawa zipo ila kadi hawaitaki wanataka keshi. Sasa mwakani utamwambiaje alipe tena? Na hao watu sita nani kawahesabu, ukiweka bibi na watoto wa marehemu dada tayari mpo nane.

Na wenye kadi kubwa nao yaliwakuta, Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi ziligoma kuhudumia wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kisa bei za kitita kipya cha huduma.

Lakini bima ya hiari nayo tumeshaiona inavyokufa. Toto Afya Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto, ikasitishwa 2023 na maelezo yalikuwa wazi, wazazi wengi walikata pale mtoto ameshaanza kuumwa. Hata ungekuwa wewe ungefanya hivyo, lakini mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao utawatibu na nini? Wazima lazima wawemo. Na anayekataa bima halipi kidogo, akipewa rufaa ya kwenda Mbeya mjini kufanyiwa opereshini ndo anamuuzia dalali viazi vikiwa bado ardhini kwa bei ya kutupa, au shamba linakodishwa misimu kadhaa.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa lazima, ila serikali isianze na kumbana mkulima wakati dirisha la dawa halijabanwa. Zahanati ikikosa dawa basi kadi ikubalike kwenye duka la dawa muhimu la jirani na mfuko ulipe, NHIF inafanya kazi na maduka kama hayo sasa kwa nini CHF ishindwe. Na hela ikusanywe wakati watu wanayo, Rungwe kwenye malipo ya chai, Mbozi kahawa ikilipwa kupitia AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, wa viazi wakishavuna. Ukienda kumdai mtu Januari, ada za shule zimemkaba na mbolea inamsubiri, hata ukienda na mgambo hupati kitu.