Neva ya jicho ikivimba, dripu leo ama tungoje?

Huku Mombasa mtu akianza kuona ukungu jicho moja, tena akiligeuza lauma kwa ndani, kituo cha kwanza ni duka la dawa, apewe matone arudi zake Likoni. Sasa neva ya jicho, ule mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwa ubongo, ikivimba kule nyuma hata daktari akimulika ndani ya jicho aweza asione kitu, wagonjwa wawili kati ya watatu ndivyo walivyo, ila kuna vipimo vya bure: hamisha tochi jicho hadi jicho, mboni ya lile gonjwa badala ya kunywea inapanuka, na kifuniko chekundu cha soda kwa jicho hilo kinaonekana kimepauka.

Ubishi uko kwa matibabu: mgonjwa atiwe dripu ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, leo ama angoje. Wanaosema tungoje wana hoja nzito, utafiti wa Marekani uliotoka 1992 ulionyesha dripu ya steroidi ya siku 3 inaharakisha kupona lakini baada ya mwaka aliyetiwa dripu na aliyepewa dawa tupu ya kulinganishia wanaona karibu sawa. Na waliomeza prednisoni, steroidi ya vidonge, ya dozi ya kawaida peke yake ndio ugonjwa uliwarudia zaidi, wa duka la dawa wasikie hapo! Halafu kwetu kuna TB na kaswende, zote zaweza kuvimbisha neva hiyo, ukimpa mtu steroidi kiholela wazifungulia mlango.

Lakini wagonjwa wa utafiti ule wengi walikuwa wazungu, na kwao sana sana chanzo ni MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na neva, na kwa huo jicho mara nyingi hurudi lenyewe. Kuna huu mwengine waitwa NMO, kinga ya mwili hushambulia neva za macho na uti wa mgongo, huwapata watu weusi zaidi kuliko wazungu, kingamwili yake, ile alama kwenye damu inayoutambulisha, ilijulikana 2004, na huo hauna huruma, jicho laweza lisirudi kabisa na kuchelewesha steroidi ni hasara tupu. Sasa huyo naye umwambie angoje kwa hesabu za watu wengine?

MRI, picha ya ndani ya kichwa, na kipimo cha kingamwili vyataka pesa na subira, lakini damu ya kaswende na HIV pamoja na picha ya kifua ni mambo ya haraka. Kwa hivo macho yote mawili yakipigwa pamoja, ama jicho halioni hata vidole, mimi niko upande wa dripu mara tu hivo vikishaangaliwa, hayo mengine yatafuata. Ukungu mwepesi ungojwe, mradi mtu aangaliwe tena wiki hiyo hiyo. Na anayemeza dawa za TB kisha rangi zikaanza kumpotea macho yote bila maumivu, huyo si wa dripu, ni ethambutol hiyo, moja ya dawa za TB inayoweza kudhuru neva ya jicho, arudi kliniki ya TB leo wamwangalie dawa zake.