Kataa Vyote Kwanza

Kitabu chenyewe nilikiokota kwa wale wauzaji wa inama pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, katikati ya Biblia za watoto na vitabu vya marudio vya KCSE. Kilihusu itifaki za usalama wa mtandao, yaani taratibu ambazo kompyuta huzifuata zikizungumza, na kwa uzito kingeweza kuua panya. Muuzaji alianza na mia nane, nilipogeuza mgongo akashuka hadi mia mbili na hamsini. Kurasa chache za katikati hazikuwepo. "Hizo si za maana," akasema, huku akitafuna njugu kutoka kwenye karatasi iliyosokotwa. Laiti ningeichungulia ile karatasi.

Nilikisoma kitandani, nikakisoma ndani ya matatu ya Umoja, nimekiinua juu ili abiria wajue wameketi na nani. Sura ya SSH ndiyo iliyonimaliza. Kuna Mfini, Tatu Ylönen. Chuo chake huko Ufini kiliingiliwa na watu waliokuwa wakidaka nywila zikipita mtandaoni, kwani Telnet, njia ya siku hizo ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ilizisafirisha uchi kabisa. Mwaka 1995 akaketi akaandika SSH, itifaki inayofumba kila kitu njiani, kisha akaiombea poti 22, yaani namba ya mlango wake, iliyokuwa tupu kati ya FTP ya kuhamisha faili kwenye 21 na Telnet kwenye 23. Akapewa! Na mimi hapa kupewa chumba cha ghorofa ya chini imekuwa vita.

Baadaye nikafika kwenye ukuta wa moto, ule mlinzi anayeamua kipi kipite mtandaoni na kipi kisipite. Ukurasa wa 210 ulisema mtu akatae vyote kwanza, kisha aruhusu kinachohitajika tu, ila anapozipanga kanuni hizo ajihadhari sana na. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa 215.

Ploti yetu ina ruta moja, kile kisanduku cha kugawa intaneti, imetundikwa kwenye korido juu ya mita za stima. Shosho, mwenye ploti, alikuwa amenipa nywila ya kuisimamia kwa sababu moja tu: amewahi kuniona na kile kitabu. Basi Jumamosi jioni nikafungua laptopu, nikaingia. Mstari wa kwanza: kataa vyote. Chini yake nikaruhusu 443 ya tovuti salama, 53 ya DNS inayotafuta anwani za tovuti, na 22 kwa heshima ya Mfini. Nikabonyeza.

Sasa, ruta husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayoigusa pakiti, yaani kifurushi cha data, ndiyo inayoihukumu. Za chini yake hazisomwi tena. Habari hiyo, naamini, ndiyo iliyokuwa kwenye kurasa za 211 hadi 214, ambazo watu wa Tom Mboya walikwisha kufungia njugu.

Wa chumba nambari nane, waliokuwa wakitazama mechi, walipiga kelele, na haikuwa ya goli. Huko chini Shosho alikuwa kwenye video na mjukuu wake aliye Doha, na uso wa binti ukaganda mdomo wazi, macho nusu.

"Amezirai! Mungu wangu, mtoto amezirai!"

Ploti nzima ikateremka mbio. Keateka akauliza mtu hupiga namba gani kuita ambulansi ya Qatar. Mimi nilikuwa chumbani nikijaribu kufuta ule mstari, lakini ruta haikuniitika. Ilikuwa imekataa vyote, na mimi nimo. Niliposhuka watu walikuwa wakiitukana kampuni ya intaneti, nami nikachangia tusi moja la wastani.

"Kijana, wewe si ndiye wa kitabu?" Shosho akanishika mkono.

"Shosho, hii itakuwa kebo ya baharini imekatika. Si unakumbuka Mei 2024?"

"Mbona kwa kinyozi iko?" akauliza mtoto wa nambari tatu. Watoto wa siku hizi hawalali mapema.

Fundi alikuja kesho yake na boda. Akachomeka waya, akaingia kwa njia ambayo kitabu changu hakina, akatazama kioo kwa muda. "Nani aliweka kataa hapa juu?"

Korido yote ikanigeukia. Kitabu kilikuwa kwapani.

Nilingoja matusi, lakini Shosho alikuwa amesogea karibu na laptopu ya fundi. "Ngoja. Kumbe hii kitu inaweza kukataa watu?"

"Inaweza, Shosho," fundi akajibu. "Unaruhusu simu moja moja hapa juu, halafu mstari wa mwisho kabisa unakataa wengine wote."

Akaingia ndani, akarudi na daftari la kodi na miwani. Akaita mlango kwa mlango: wewe ni nani, simu yako ni ipi, umelipa? Uthibitisho, idhini na uhasibu, sura ya tatu nzima, na kitabu hajawahi hata kukishika.

"Nambari kumi na moja."

"Ndimi, Shosho."

Akalamba kidole, akafunua, akafunua tena, kisha akamgeukia fundi. "Huyu mwache kwa ile ya mwisho."