Kometi si barafu tupu
Kuna mwandishi aliyedai kwamba vumbi la kometi (nyota yenye mkia) ni mabaki ya barafu ambayo hayajawahi kuonja joto. Hapo kateleza. Chombo cha anga cha Stardust cha NASA kilipita karibu na kometi Wild 2 Januari 2004, kikanasa chembe zake kwenye erojeli (dutu ngumu lakini nyepesi mno), zikashushwa Utah, Marekani, 2006. Chembe ziliingia kwenye erojeli kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde, nyingi zikachimba vishimo vyenye umbo la karoti na kukwama nchani. Ndani ya chembe hizo wanasayansi wakakuta olivini (madini ya kijani) na madini mengine yanayoumbika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, karibu na Jua. Olivini (sisi wa maabara hapa Nairobi huiona sana kwenye mawe ya volkeno ya vilima vya Chyulu) haitoki kwenye barafu. Sasa nani atueleze ilifikaje kule ng'ambo ya Neptuni, kwenye baridi kali ambako kometi hii iliumbika?