Kitambaa cheusi kabla ya tingatinga

Mimi ni mzaliwa wa Mabatini, Mwanza, na kwa miaka kadhaa sasa ninafanya kazi ya ujenzi San Antonio, katika jimbo la Texas, Marekani. Kilichonishangaza zaidi nilipoanza kazi hii ni kuona tingatinga limeegeshwa kiwanjani siku nzima likisubiri uzio wa kitambaa cheusi usiofika hata kiunoni. Uzio huo huzungushwa upande wa chini wa kiwanja na pindo lake hufukiwa kwenye mtaro mdogo, ili mvua ikinyesha maji yapenye na tope libaki. Mkaguzi wetu wa kwanza alikuwa na tabia ya kulisukuma pindo lile kwa ncha ya kiatu; likichomoka, alifunga daftari lake na kurudi garini.

Sababu ya ukali huo iko chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya mji ule hutoka katika miamba ya chokaa iitwayo Edwards, ambayo mwaka 1975 ilikuwa ya kwanza nchini humo kutambuliwa na serikali kuu kuwa chanzo cha maji kisicho na mbadala wa kutosha. Chokaa hiyo imejaa nyufa na mapango, hivyo katika ukanda ambako mvua huingia ardhini, tope na mafuta ya magari vinaweza kushuka hadi kwenye maji bila kuchujwa. Kwa hiyo, mbali na kibali cha kudhibiti maji ya mvua yanayotiririka kutoka kiwanjani, kinachohitajika kwa ujenzi unaochimbua ekari 1 au zaidi, anayejenga juu ya ukanda huo huwasilisha mpango wa kuzuia uchafuzi pamoja na tathmini ya mwanajiolojia, na haanzi kazi kabla haujaidhinishwa. Mifumo ya kuchuja inayobaki baada ya ujenzi hutakiwa kuondoa angalau asilimia 80 ya ongezeko la tope linalotokana na majengo na lami. Tukikuta pango tunapochimba, kazi iliyo karibu nalo husimama palepale na mamlaka ya mazingira hujulishwa mara moja; nimeshaona shimo lisilozidi mdomo wa ndoo likisimamisha upande mzima wa kiwanja.

Majabali yetu ya Mwanza ni ya graniti, nayo hayanywi maji kama chokaa. Mvua ikipiga vilima vya Isamilo, Igogo au Mabatini, maji huteremka kwa kasi, hukomba udongo wa kila kiwanja kilichochimbuliwa, huingia makorongoni na katika Mto Mirongo, kisha ziwani, katika ziwa lile lile tunalovuta maji ya kunywa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na ni sheria nzuri, lakini kipimo hicho hakimgusi anayekata kilima mbali na ufuko ambaye tope lake linafika ziwani jioni hiyo hiyo.

Siombi tulete makaratasi ya Texas, kwani hata kule mwenye fedha humlipa mhandisi, hupata idhini na mitaa mipya inazidi kuenea juu ya ukanda ule ule. Ninachokitamani ni utaratibu wa kipi kitangulie. Mafundi mawe wa Mwanza wanajenga kuta za kushikilia udongo bila hata mchoro, ila kwa kawaida ukuta huo hujengwa mwisho, kwa fedha iliyobaki, wakati udongo umekwisha kuondoka. Kibali cha ujenzi mlimani kingeweza kudai kwamba ukuta wa chini usimame kabla ya msingi kuchimbwa, na ofisa akaja kuukagua.

Mdogo wangu anajenga Nyasaka, na nilipomwambia hayo kwa simu alinijibu, “Kaka, ukuta ni baada ya kuezeka.” Mvua ya wiki iliyofuata iliupeleka mchanga wake wote, lori zima, hadi mlangoni kwa jirani, akalazimika kulipa vibarua wa kuuzoa na kisha kununua mwingine. Sasa fundi mawe yuko kiwanjani, na kazi ya msingi imesitishwa kwanza.