Nilivyoburuzwa Hadi Meza Kuu

Afisa utumishi wetu alirudi kutoka semina ya Dodoma na begi la bure, kalamu za kutosha na msemo mpya: "Kila mtu ana ufunguo wake." Bonanza la Mei Mosi lilikuwa limekaribia, na uongozi ukaona huyohuyo ndiye apewe timu ya kuvuta kamba.

Kikao cha kwanza ndicho kilichokuwa cha mwisho kutukutanisha. Alitueleza kwamba kamba si mchezo wa kihuni, kwamba ulikuwamo kwenye Olimpiki tangu 1900 hadi 1920, kisha akatangaza kuwa atamnoa kila mmoja kivyake kwa sababu vipaji havifanani. Na kweli alitunoa. Kila jioni mmoja wetu aliitwa nyuma ya ofisi, kamba ikafungwa kwenye mwarobaini, akavuta mpaka macho yakamtoka huku kocha akiandika kwenye daftari. Aliyehudhuria mazoezi yote, ukiacha kocha mwenyewe, ni ule mti.

Kila mtu alitoka huko na siri yake. Mhasibu aliambiwa avute kwa hesabu: moja na mbili apumzike, tatu avute. Dada wa masijala aliambiwa asihesabu kabisa, asikilize moyo. Mlinzi aanze na nguvu zake zote, amalize mapema. Kijana wa TEHAMA alipewa siri nzito kuliko zote: wale wakishachoka, aachie ghafla ili waanguke chali. Mimi, kwa heshima ya kitambi changu, niliwekwa nyuma kabisa niwe nanga, kamba imepita chini ya kwapa na kuzunguka bega. "Kaka, siri yako ni moja tu," kocha akaninong'oneza. "Usiachie, hata dunia iishe."

Wapinzani wetu walikuwa watu wa bohari: madereva, vibarua wa stoo na mzee boharia mwenyewe, aliyebakiza miaka michache astaafu. Mama anayetupikia chai hakuvuta, alisimama pembeni kazi yake kuita. Tulipowaona tulianza kugawana mbuzi wa zawadi. Mimi nilichukua paja.

"Shika kamba! Kaza! Vuta!"

"Harambeee!" mama wa chai akapaza sauti.

"Hee!" Watu 8 wakalala nyuma kwa pamoja, visigino ardhini, mikono imenyooka, wakarudi hatua moja. Wakatulia. Akaita tena, wakarudi nyingine. Upande wetu ilikuwa gulio. Mhasibu alikuwa kwenye mbili. Mlinzi alishamaliza nguvu zake. Dada wa masijala moyo ulikuwa bado haujamwambia kitu. Kocha anakimbia pembeni na daftari: "Mhasibu, sasa! Wewe bado! Dada, moyo!"

Hapo kijana wa TEHAMA akaona wakati wake umefika. Akaachia. Kumbe siri ile walipewa watatu, nao wakaachia. Waliobaki walipoona mbele hakuna mtu walidhani mchezo umekwisha, wakaachia pia. Mmoja akapiga makofi.

Mimi nilikuwa na maagizo yangu.

Nilianza kwa visigino, nikaja magoti, nikamalizia na tumbo. Refa alipuliza filimbi, lakini filimbi gani itamshinda mama yule? Harambee! Hee! Nikavuka mstari, nikaipita foleni ya pilau, watoto wakinikimbilia pembeni kunishangilia, hadi nikasimama mbele ya meza kuu. Suruali ilikuwa imechelewa kidogo, bado iko njiani. Mkurugenzi akashusha kijiko.

"Shikamoo mzee," nikasema, kifudifudi.

"Marahaba. Uko idara gani?"

Mvuto wa pili ulikuwa mfupi kuliko huo, nami niliuvuta nikiwa na khanga ya kuazima.

Baadaye, tukisikilizia harufu ya mbuzi wa wenzetu, kijana wa TEHAMA alitutolea simu. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wakifanya kazi kwa vikundi. Walipokuwa 8, kila mmoja alitoa karibu nusu tu ya nguvu alizotoa akiwa peke yake. Hawaendi kwa wakati mmoja, na wengine wanajificha nyuma ya wenzao.

"Kwa hiyo wanane huvuta kama wanne," mlinzi akasema. "Sisi tulivuta kama wangapi?"

Wote wakanitazama mimi.

Mzee boharia alipopita na sahani yake tukamuuliza walifanyia wapi mazoezi. Akashangaa. "Mazoezi gani, wanangu? Lile gari la idara kila asubuhi linawashwa na nani?"

Jumatatu kocha alituita kupokea fomu za tathmini, mmojammoja bila shaka. Mhasibu alisifiwa kwa hesabu isiyo na kosa. Mlinzi alimaliza mapema. Walioachia "walitekeleza kwa ujasiri." Yangu iliandikwa Bora Sana, na kwenye nafasi ya mambo ya kuboresha kulikuwa na neno moja: mkanda.