Kirusi cha Retro Katika Tiba ya Jeni: Tatizo ni Mbebaji au Swichi?

Tiba ya jeni humpa mgonjwa jeni anayoikosa, na mbebaji wake mara nyingi ni kirusi cha retro, chenye upana wa nanomita 100 hivi. Nje kina utando wa mafuta wenye miiba ya protini. Ndani, gamba lenye nakala mbili za RNA na vimeng'enya. Kimoja huigeuza RNA kuwa DNA. Kingine, integrasi, huipachika DNA hiyo kwenye kromosomu ya seli. Watengenezaji wa tiba huondoa gag, pol na env, jeni zinazokijenga kirusi, wakaweka ile anayoikosa mgonjwa. Zilizoondolewa huwekwa kwenye plasmidi (vipande vya DNA vya duara) za pembeni, zinazotumika wakati wa kukitengeneza tu, kwa hiyo kirusi kinaingia kwenye seli mara moja tu, hakizaliani.

Kupachika huko ndiko dawa, maana seli shina ya uboho ikigawanyika, watoto wake wote hurithi jeni. Ndiko sumu pia, kwa kuwa mahali pa kupachika hapachaguliwi. Katika majaribio ya Paris na London kwa watoto waliozaliwa bila kinga (SCID-X1), angalau watoto 5 kati ya 20 walipata lukemia, yaani saratani ya damu. Kirusi kilichotumika, cha panya, kilikuja na swichi zake kali (vipande vya DNA vinavyowasha jeni) ncha zote mbili. Kwa wengi wao kilitua karibu na LMO2, jeni inayoweza kuleta lukemia ikiwashwa ovyo, kikaiwasha.

Jibu likawa lentivirusi, aina nyingine ya kirusi cha retro, iliyotokana na VVU (ndiyo, hivyo hivyo vya UKIMWI). Swichi ya ncha moja hukatwa, na RNA inapogeuzwa DNA, kasoro hiyo hunakiliwa ncha zote mbili. Wanaosema hatari imepungua wana hoja.

Ila Skysona, tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa adrenoleukodistrofia ya ubongo (ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo wa wavulana), ni lentivirusi, na ripoti ya 2024 ilionyesha saratani ya damu kwa wavulana 7 kati ya 67. Ndani yake mna MNDU3, promota (yaani swichi ya jeni) kali yenye asili ya virusi vya panya, inayofanya kazi karibu kila seli. Ncha zilizimwa, swichi ikarudishwa katikati! Lyfgenia, tiba ya selimundu, ni lentivirusi pia, lakini promota yake ya globini (protini ya chembe nyekundu za damu) huamka kwenye seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu. Nayo ina onyo la saratani ya damu, na damu hupimwa kila miezi 6 kwa miaka 15.

Kwangu, swali la kwanza ni promota gani imewekwa. La pili ni mgonjwa ana njia gani nyingine: mvulana mwenye ndugu anayelingana naye kwa uboho, ningeanza na kupandikiza uboho wa ndugu.